Ukuta, Fundi na Daftari



Wapendwa waamini na ndugu wasomaji, masika yakishapita na barabara ya kutoka Lushoto ikaanza kukauka, Mlalo hugeuka kuwa kiwanja kimoja kikubwa cha ujenzi. Huku tanuri la matofali linafuka moshi, kule bati jipya linang'aa katikati ya migomba, na katika kila njia unapishana na mtu aliyejitwika mfuko wa saruji wa kilo 50, akiupeleka mtelemkoni ambako gari haliwezi kufika. Ni jambo la kumshukuru Mungu. Kujenga ni tendo la tumaini, kwa maana hakuna ajengaye nyumba kwa ajili ya jana.

Hata hivyo, msimu wa ujenzi ndio pia msimu wa magomvi. Wengi wanaobisha hodi kwetu katika miezi hiyo hawaji kuandikisha ndoa wala ubatizo. Mmoja analalamika kwamba fundi amepokea fedha, amechimba msingi nusu, kisha ametokomea Tanga na simu haipokei. Mwingine ni fundi mwenyewe, aliyemaliza kupaua na sasa mwezi wa nne anazungushwa malipo yake. Juma hili tungependa kulitafakari jambo hili pamoja nanyi, ingawa wapo watakaodhani kwamba habari za saruji na kokoto si za kanisani.

Tuanze na kisa kimoja. Wahusika wameturuhusu kukisimulia, ila majina yao na kitongoji chao tunavihifadhi.

Mama mmoja mjane alitaka kuongezewa vyumba viwili nyuma ya nyumba yake. Huku kwetu kuongeza chumba mara nyingi maana yake ni kuukata mlima, na ukishaukata mlima huna budi kujenga ukuta wa mawe wa kuushikilia udongo. Wanawe wanaofanya kazi Dar es Salaam waliahidi kugharimia. Fundi, muumini mwenzetu na mtu anayeijua kazi yake, alipima akakadiria shilingi 3,000,000 kwa ukuta na msingi. Mazungumzo yakafanyika kwa simu. Katika muda wa siku mbili bei ikashushwa hadi shilingi 2,000,000, nusu yake ilipwe siku ya kwanza. Hakuna kilichoandikwa. Vijana wakafurahi kwamba wameokoa milioni nzima. Fundi akafurahi kwamba amepata kazi. Mama akafurahi kwa sababu wote walifurahi.

Masika yalipofika, usiku mmoja ukuta ule ulivimba tumbo, ukaanguka. Jiko la mama, lililokuwa la miti na udongo, likafukiwa. Kwa neema ya Mungu saa ile hapakuwa na mtu ndani, ingawa jioni ileile wajukuu walikuwa wakiota moto mahali palepale. Tangu siku hiyo maneno yakakatika. Kwa Dominika kadhaa tuliona kutoka altareni jambo lililotuumiza sana: wakati wa kutakiana amani, mama aligeukia kulia na fundi akageukia kushoto.

Tuliwaomba wakutane mbele ya jumuiya yao, nasi tukahudhuria, pamoja na mwashi mmoja mstaafu, mzee wetu jirani wa Kanisa la Kilutheri. Mzee huyo hakutaka kuketi kwanza. Alikwenda kwenye kifusi, akaokota kipande cha udongo wa saruji uliounganisha mawe, akakisaga kwa vidole kama mtu asagaye mkate mkavu. Kisha akauliza swali moja tu: "Matundu ya kutolea maji yalikuwa wapi?"

Ndugu zetu wanaoishi tambarare huenda wasilione uzito wa swali hilo. Udongo wa mlima ukinywa mvua huwa mzito, na maji yakikosa njia hukusanyika nyuma ya ukuta na kuusukuma mchana na usiku. Kwa hiyo ukuta wa namna hii huachiwa matundu, hupangiwa kokoto nyuma yake, na juu yake huchimbwa mfereji wa kuyaongoza maji pembeni. Fundi wetu aliyajua yote hayo. Kwa nini basi hakuyafanya?

Alinyamaza kitambo, halafu akasema ukweli. Sehemu ya ile milioni ya kwanza alikuwa ameinunulia bati za nyumba nyingine, ambayo nayo alikuwa ameipokea kwa bei ya kubanwa na fedha yake ikamwishia kabla ya paa. Iliyobaki haikutosha saruji. Akaongeza mchanga, akapunguza mifuko, akayaacha matundu na mfereji. Tulipomwuliza sababu ya kuikubali bei aliyoijua kuwa haitoshi, alijibu: "Baba, ningekataa angeitwa mwingine, na watoto walikuwa wamerudishwa nyumbani kwa ajili ya michango ya shule."

Wapendwa, tulitazame jibu hilo bila haraka ya kuhukumu. Halimsafishi fundi, kwa maana aliweka uhai wa watu chini ya ukuta ambao yeye mwenyewe aliujua udhaifu wake. Lakini linatuonyesha jinsi deni linavyotembea kutoka nyumba hadi nyumba. Fedha ya nyumba ya pili inamalizia nyumba ya kwanza. Ya tatu itaimalizia ya pili. Na yule wa mwisho katika mnyororo ndiye anayeangukiwa. Tunamwita fundi huyo mwizi, na pengine ni kweli, ila wizi ule ulianza siku mbili kabla hajashika fedha yoyote, pale bei ilipokuwa ikishushwa. Bei isiyotosha kununua saruji haishushi gharama ya ukuta. Inaihamishia tu mahali pasipoonekana, mpaka mvua ije kupaonyesha.

Wazee wa bonde hili la Mlalo wanaijua vema tofauti kati ya kazi ya makubaliano na kazi ya shuruti. Kuanzia mwaka 1946 serikali ya kikoloni ilianzisha hapa mpango wa kuhifadhi udongo, watu wakalazimishwa kuchimba matuta mashambani mwao. Kuzuia mmomonyoko lilikuwa jambo lenye maana katika milima hii, lakini mzigo uliwekwa juu ya mabega ya wasioshirikishwa, upinzani ukawa mkali, na mpango ukaachwa kabla ya uhuru. Kazi iliyokosa ridhaa ya kweli haidumu, hata kama inaonekana kuwa na faida.

Na ridhaa ya kweli ni ipi? Mwaka 1891, mwaka uleule ambao wamisionari wa Kilutheri kutoka Ujerumani walianzisha misheni yao hapa Mlalo, Papa Leo XIII alitoa waraka wake Rerum Novarum kuhusu hali ya wafanyakazi. Humo alifundisha kwamba mfanyakazi anayekubali masharti magumu kwa sababu tu ya shida au kwa kuogopa mabaya zaidi, ametendewa kwa nguvu na kwa udhalimu, ingawa kwa mdomo amesema ndiyo. Katekisimu ya Kanisa Katoliki nayo yaligusa pande zote mbili: katika namba 2409 inaitaja kazi iliyofanywa vibaya miongoni mwa makosa dhidi ya amri ya saba, katika namba 2410 inatukumbusha kwamba ahadi na mikataba ya haki ni ya kutimizwa kwa uaminifu, na katika namba 2434 inasema kwamba kumnyima mtu ujira wake wa haki ni dhuluma kubwa. Kwa hiyo katika habari hii hakuna upande uliokuja kikaoni ukiwa na mikono mitupu ya lawama.

Lakini kisa chetu hakijaisha. Kikao kilipokuwa kimechukua zaidi ya saa moja, tulimwona kijana mmoja ameketi juu ya jiwe karibu na mlango. Alikuwa saidia fundi. Alibeba mawe na kuchanganya udongo wa saruji kwa majuma matatu, wala hakulipwa hata senti. Mama alidhani amelipwa na fundi. Fundi alidhani malipo yake yangetoka katika fedha ya awamu ya pili, ambayo haikuja. Vijana wa Dar es Salaam hawakujua kwamba yupo. Katika maneno yote ya saa ile nzima, hakuna aliyekuwa amemtaja.

Kitabu cha Kumbukumbu la Torati, sura ya 24, kinaagiza kwamba kibarua maskini alipwe siku ileile kabla jua halijatua, kwa sababu roho yake inautegemea ujira huo. Tuliusoma mstari huo kwa sauti. Hatukuongeza mahubiri. Mama alisimama, akaingia ndani, akarudi na fedha alizokuwa nazo. Fundi naye akatoa zake, wakachangia nusu kwa nusu. Kijana akalipwa kabla jua halijatua. Ni baada ya hapo tu ndipo mazungumzo ya ukuta yalipolainika.

Wale vijana walipigiwa simu, wakamsikiliza mzee mwashi akiwahesabia mawe, mifuko ya saruji, mabomba ya matundu na siku za kazi. Walikubali kugharimia vifaa kwa bei yake halisi, vinunuliwe na mama mwenyewe na kutunzwa ndani kwake. Fundi alikubali kuujenga upya ukuta bila ujira, mama akajitolea chakula cha mchana, na mzee akaahidi kupita kila jioni kukagua. Yote yakaandikwa kwenye daftari la shule, nakala mbili. Masika yaliyofuata yaliukuta ukuta umesimama. Na Dominika moja wakati wa kutakiana amani walipeana mkono, haraka na bila kutazamana sana. Sisi tuliridhika.

Kutokana na haya, tunawashauri mambo machache ninyi nyote mnaojenga.

Kwanza, tuandike. Sheria zetu huyatambua hata makubaliano ya mdomo, lakini mdomo hauna nakala. Karatasi moja yenye vipimo, vifaa, bei, awamu za malipo, tarehe na sahihi za mashahidi wawili yatosha kwa nyumba nyingi za hapa kwetu. Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Kwa kazi kubwa ya kumpa mkandarasi, tumwulize pia usajili wake katika Bodi ya Usajili wa Makandarasi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1997.

Pili, tulipe kwa kadiri ya kazi iliyoonekana: msingi, kisha kuta hadi lenta, kisha kupaua, kisha plasta. Sehemu ndogo ibaki hadi mvua za kwanza zipite, na fundi aijue tangu mwanzo ili isije ikageuka kisingizio cha kumdhulumu. Nayo awamu ikikamilika, fedha itoke siku hiyohiyo.

Tatu, kabla ya kushusha bei, tumwombe fundi atuhesabie saruji, mchanga, nondo na siku zake mbele yetu. Kinachozidi tukipunguze kwa uungwana. Kama fedha haitoshi, tupunguze chumba, tusipunguze saruji. Bwana wetu, katika Injili ya Luka 14:28, anamsifu akili mtu anayeketi kwanza na kuhesabu gharama ya mnara wake.

Nne, kwenu mafundi: jifunzeni kusema hapana. Anayekataa bei ya kuua ukuta amemtendea mwenye nyumba wema, hata kama siku hiyo analala bila kazi. Fedha ya nyumba moja ikae katika nyumba hiyo. Nao wasaidizi wenu waandikwe katika daftari, jina kwa jina.

Wapo wanaotuambia kwamba kuandikishana ni dalili ya kutoaminiana, hasa kati ya waamini wa jumuiya moja. Mmoja wao alitutajia Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya 22, mahali panaposema kwamba mafundi waliolikarabati hekalu wakati wa mfalme Yosia hawakudaiwa hesabu ya fedha walizokabidhiwa, kwa kuwa walitenda kwa uaminifu. Amesema kweli, maneno hayo yamo katika mstari wa 7. Lakini ndugu huyo asome pia mistari mitatu iliyotangulia. Kuhani mkuu aliagizwa kwanza azihesabu fedha. Zikakabidhiwa kwa wasimamizi wanaojulikana. Ikatajwa ni za kuwalipa maseremala, wajenzi na waashi, na za kununua miti na mawe ya kuchonga. Baada ya yote hayo ndipo likaja neno la uaminifu. Imani ile ilikuwa na daftari nyuma yake.

Basi, anayejenga juma hili na aketi leo na fundi wake, wahesabu pamoja, waandike pamoja. Na kabla hawajainuka, waulizane jina la yule kijana anayechanganya zege, na kama amelipwa.

Mwenyezi Mungu azibariki nyumba zenu na mikono inayozijenga. Juma jema!