Midomo ya mama wazee wa Nyantende

Mtu anayetoka Bukavu kwenda upande wa Nyangezi hupita Nyantende, na hapo Kiswahili kinarudi nyuma, Mashi inaongoza. Wamama, sikilizeni mama wazee wa huko wakitaja Kabare, au Bushi, au wakisema abana, yaani watoto. Midomo inakaribiana lakini haifungi. Pumzi inapita katikati, laini, kama mtu anayepoza uji kwenye kijiko. Watoto wetu wa mjini wanafunga midomo kabisa, kwa b ya Kiswahili na ya Kifaransa. Wazee wanawacheka kidogo, bila ubaya.

Kwingine tofauti ndogo kama hiyo inabadilisha neno lote. Waswahili wa zamani wa pwani hawakuchanganya paa la nyumba na paa wa porini: p ya mnyama ilitoka na pumzi nyingi. Kule Thailand wana sauti tatu mahali ambapo wengi wetu tuna p na b tu. Kwa sauti inayoshuka, “paa” bila pumzi ni dada mkubwa wa mama au wa baba. Ongeza pumzi, inakuwa kitambaa. Sema “baa”, umesema mwenda wazimu. Mgeni anayemsalimia shangazi wa watu huko aangalie midomo yake!

Mtoto mchanga hana shida hiyo. Mwaka 1984, Janet Werker na Richard Tees wa Kanada walionyesha kwamba watoto wa miezi 6 hadi 8 wanatofautisha hata sauti za lugha wasizozisikia nyumbani. Wakikaribia mwaka mmoja, uwezo huo unapungua sana. Basi ile b laini inaingia mtoto akiwa bado mgongoni. Wako wamama wanaoficha Mashi wakiogopa itamsumbua mtoto shuleni kwa Kifaransa. Sisi hatukubali. Akienda likizo Nyantende ana miaka 10, atafundishwa kwa taabu kile ambacho nyanya yake angempa bure akimbembeleza.

Tena, msikilizeni mtoto mwenyewe. Sauti za midomo, ba-ba na ma-ma, ni kati ya zile anazoanza nazo. (Baba kwa Mashi ni larha, kazi ya ulimi, kwa hiyo baba zao wasikasirike wakisubiri.) Akifika miezi 10 bila kurudia-rudia silabi yoyote, mpelekeni kituo cha afya wamwangalie masikio. Msingoje afike miaka 2.