Mzee wa Zeze na Dirisha Lake

Je, nyumbani kwako kuna picha ya babu au bibi yako? Kama ipo, ni picha ya namna gani?

Wengi wetu huitafuta picha ya mzee siku ya msiba. Tunafungua masanduku. Tunapata kitambulisho cha kupigia kura. Tunakipeleka studio ili ule uso mdogo ukuzwe. Uso unatoka na ukungu. Watu wanasema, "Haya, ndiye huyo huyo." Lakini waliomfahamu vizuri wanajua kwamba hakuwa hivyo.

Leo nataka kukueleza jinsi nilivyojifunza kumpiga picha mzee. Sikujifunza chuoni. Nilifundishwa na mzee mwenyewe, mpiga zeze, katika milima ya Upare.

SAFARI YA MLIMANI

Mji wa Same uko chini, kwenye barabara kuu iendayo Moshi na Arusha. Huko kuna joto na vumbi. Ukipanda gari la kwenda milimani, baada ya kona nyingi unaanza kutafuta sweta. Mlima Shengena una urefu wa zaidi ya mita 2,400 kutoka usawa wa bahari. Kule juu kuna migomba, mahindi, tangawizi na ukungu. Nilikwenda mwezi wa Juni, wakati wa baridi.

Jina la mzee huyu sitaliandika. Alinipa ruhusa ya kumpiga picha. Hakunipa ruhusa ya kulitangaza jina lake.

Mzee haujui mwezi aliozaliwa. Lakini mama yake alimwambia kwamba alikuwa mgongoni wakati wa Mbiru. Mwaka 1945 maelfu ya Wapare waliteremka Same kuipinga kodi ya wakoloni iliyoitwa mbiru. Kwa hiyo mzee wetu ana umri wa miaka 80 hivi.

Alipokuwa kijana aliteremka tambarare kukata mkonge. Mkonge uliletwa katika nchi yetu mwaka 1893, nao ulikusanya vibarua wa makabila mengi. Kambini alikutana na kibarua mwenzake aliyetoka Ugogo, ambaye alikuwa na zeze. Jioni, baada ya kazi, alimfundisha. Mzee aliporudi mlimani hakuwa na fedha nyingi, lakini alirudi na zeze lake. Tangu hapo alipiga kwenye harusi, kwenye mavuno na nyumbani kwake. Yeye alipiga, na mkewe aliitikia.

KOSA LANGU LA KWANZA

Nilifika kwake na simu yangu ya kupangusa. Nilimwamkia, "Shikamoo, Mzee." Akaitikia, "Marahaba, mwanangu. Karibu ndani."

Mimi sikutaka ndani. Niliona ndani ni giza. Nilimtoa nje, nikamweka katikati ya uwanja saa sita mchana, jua likiwa limetoka. Nikamwomba avue koti lake kuukuu, ajifunge shuka, ili aonekane kama mtu wa zamani. Nikamwambia, "Cheka kidogo, Mzee."

Nilipiga picha nyingi. Zote zilikuwa mbaya. Jua la utosini lilitia vivuli vyeusi machoni pake. Alikunja uso. Mikono yake ilikuwa imekakamaa juu ya zeze.

Nikajaribu ndani, nikawasha taa ya simu. Mzee alijikinga uso kwa kiganja. Macho yake yana mtoto wa jicho. Ugonjwa huo hutibika kwa upasuaji, na wajukuu wake walikuwa wanajiandaa kumpeleka hospitali. Lakini siku ile taa ilimuumiza.

Mjukuu wake, msichana aliyemaliza darasa la saba, alizitazama picha. Babu yake akamwuliza, "Nimetokaje?" Msichana alisita. Kisha akasema kweli, "Babu, simjui mtu huyu."

PICHA YA BIBI

Mzee hakukasirika. Alimtuma mjukuu alete bahasha iliyokuwa kwenye sanduku. Ndani yake mlikuwa na picha ndogo ya pasipoti. Ilikuwa picha ya marehemu mkewe, nayo ni ya pekee waliyo nayo. Alipigwa kwa ajili ya kitambulisho. Macho yamemtoka kama mtu aliyeshtuliwa usingizini.

"Taa ilimpiga usoni," mzee alisema. "Aliogopa. Mimi nimeishi naye zaidi ya miaka 40. Sikuwahi kumwona na uso ule. Sasa wajukuu wadogo wanafikiri bibi yao alikuwa hivyo."

Kisha akaniambia neno ambalo sijalisahau. "Ukitaka kunipiga mimi, nipige nikiwa mimi. Kama huwezi, kunywa chai uende salama."

Nilikunywa chai. Nikaomba nilale kijijini, nijaribu tena kesho.

NYUMBA NI KAMERA

Asubuhi ukungu ulichelewa kuondoka. Tulikaa ndani tukazungumza. Jua lilipotoka, mzee alimwambia mjukuu afunge dirisha na mlango. Chumba kikawa giza. Mlangoni palikuwa na tundu dogo la msumari.

"Tazama ukutani," aliniambia.

Ukuta ule ulikuwa umepakwa chokaa. Nikatazama. Polepole macho yalizoea giza. Nikaiona migomba ya uwanjani ikiwa kichwa chini miguu juu. Mbuzi akapita, naye miguu juu.

"Mbuzi amepita?" mzee aliuliza. Yeye hakuweza kuona tena, lakini alijua. "Hiyo ndiyo iliyokuwa sinema yetu tulipokuwa watoto."

Ndugu msomaji, jambo hili si uchawi. Mwanga husafiri kwa kunyooka. Mwanga unaotoka juu ya mgomba hupita tunduni ukateremka chini ya ukuta. Mwanga unaotoka chini hupita tunduni ukapanda juu. Ndiyo maana picha hupinduka. Mtaalamu Ibn al-Haytham alilichunguza jambo hili miaka 1,000 hivi iliyopita. Hata neno kamera limetokana na neno la Kilatini lenye maana ya chumba. Na picha ya kamera iliyo ya zamani kuliko zote zilizopo duniani ilipigwa Ufaransa na Nicéphore Niépce, karibu mwaka 1827. Aliipigia dirishani kwake.

Pale ndipo nilipoelewa. Nilikuwa nimeikimbia nyumba kwa sababu ya giza lake. Kumbe kamera yenyewe ni chumba chenye giza, na kazi yote hufanywa na mwanga kidogo unaoingia mahali pamoja. Chumba cha mzee hakikuhitaji taa. Kilihitaji nijue mwanga unaingilia wapi.

JINSI YA KUTUMIA DIRISHA

Tulifungua dirisha. Lilikuwa dogo, la mbao, lisilo na kioo. Sasa sikiliza tulivyofanya, nawe unaweza kufanya hivyo kwako.

Kwanza, tulichagua dirisha lisilopigwa na jua moja kwa moja. Kwetu huku mwezi wa Juni jua hupita upande wa kaskazini. Kwa hiyo dirisha la kusini hupata mwanga mpole mchana kutwa. Mwezi wa Desemba ni kinyume chake.

Pili, mzee alikaa kwenye kigoda chake, hatua moja kutoka dirishani. Dirisha lilikuwa ubavuni mwake, naye aligeuza uso kidogo kulielekea. Usimwekee mtu dirisha mgongoni. Uso wake utakuwa mweusi tii, na hutamtambua. Mimi nilisimama karibu na ukuta wenye dirisha, nisiuzuie mwanga.

Tatu, shavu la upande wa pili lilikuwa na kivuli kizito. Mjukuu alileta shuka jeupe akalishika upande huo. Shuka likaurudisha mwanga usoni. Tulimwambia asilisogeze karibu mno. Kivuli kidogo ni kizuri. Huonyesha mikunjo ya uso, na mikunjo ya mzee ni miaka yake.

Nne, nilizima taa ya simu. Nilipangusa kioo cha kamera kwa kitambaa laini, maana kilikuwa na mafuta ya vidole. Ndani ya nyumba kamera huhitaji muda zaidi kupokea mwanga, na mkono ukitikisika picha huharibika. Kwa hiyo niliegemeza viwiko mezani. Nikaigusa sehemu ya uso kwenye kioo cha simu ili kamera ipime mwanga wa uso, si wa dirisha.

Tano, nilinyamaza. Hilo ndilo lililokuwa gumu kuliko yote.

Mzee alivaa koti lake kuukuu. Alipaka ulimbo kwenye nyuzi za katani za upinde wake ili zishike uzi wa zeze. Akajaribu sauti. Akakaza uzi. Alinisahau. Kisha akaanza kupiga wimbo ambao zamani alikuwa anapiga na mkewe. Kila alipofika mahali pa kuitikia, alinyamaza kidogo, akainua kichwa kuelekea dirishani, kama mtu anayesubiri sauti itoke jikoni. Halafu akaendelea.

Nilimpiga picha akiwa amenyamaza hivyo.

RUHUSA NI LAZIMA

Kabla sijaondoka nilimweleza mzee picha zitakwenda wapi. Nilimwuliza kama naweza kuwaonyesha watu wengine. Alikubali picha moja, akakataa nyingine. Ile aliyoikataa niliifuta mbele ya mjukuu wake.

Usidhani hayo ni maringo ya wazee. Miaka ya nyuma mgeni mmoja alifika hapo, akamrekodi na kumpiga picha, akaahidi kumletea. Hakurudi tena. Nchi yetu ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, ambayo inawalinda watunzi na wapiga muziki. Mwaka 2022 ilitungwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Lakini hata kabla ya sheria, adabu ilikuwepo. Uso wa mtu ni wake. Zeze lake ni lake.

MALI BILA DAFTARI

Nilikwenda Same mjini kusafisha picha. Usiiache picha ndani ya simu tu. Simu huibiwa, huanguka majini, hufa. Picha iliyo kwenye karatasi hukaa sandukuni.

Baada ya wiki 3 nilipanda tena mlimani. Mzee aliipokea picha kwa mikono miwili, akaisogeza dirishani, karibu kabisa na macho. Hakuiona vizuri. Akamwuliza mjukuu, "Mkono wangu wa upinde unaonekana?"

"Unaonekana, Babu. Hata vidole."

"Vizuri. Atakayetaka kujifunza ataona jinsi ya kuushika. Na uso?"

Msichana aliitazama picha kwa muda. "Uso ni wako," alisema. "Ni kama unapomsikiliza Bibi."

Mzee alikaa kimya. Kisha alimwambia aigeuze picha, alete penseli. Akamsomea maneno ya kuandika, naye akaandika polepole: jina la babu, kijiji, mwezi na mwaka, na neno "zeze". Alipotaka kuweka penseli chini, mzee akamzuia.

"Andika na jina la bibi yako."

"Lakini Babu, Bibi hayumo kwenye picha."

"Yumo. Yeye ndiye anayeitikia. Andika."

Msichana akaandika.

Ndugu msomaji, wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Picha isiyo na jina ni mali ya namna hiyo. Wajukuu wa wajukuu wataitazama na kuuliza, "Huyu ni nani?" na hapatakuwa na wa kuwajibu. Wewe uliyejifunza kusoma na kuandika ndiwe daftari la nyumba yako.

Usingoje msiba. Kama una mzee anayepiga ngoma, zeze au marimba, au anayesuka vikapu, au anayesimulia hadithi tu, mwendee wiki hii. Mwombe ruhusa. Mkalishe kando ya dirisha lake, na nguo zake mwenyewe, mikononi akiwa na kazi yake. Nyamaza. Mpige picha. Isafishe. Kisha chukua penseli, ugeuze karatasi, uandike.