Kalehe: Kwenye kahawa, kiongozi anajulikana kwenye mizani

Katika wilaya ya Kalehe, mkoa wa Kivu Kusini, hakuna anayeweza kumlazimisha mkulima wa kahawa. Shamba ni lake, miti ni yake, na ziwa liko pale chini. Akichoka na viongozi wa kooperative, usiku mmoja unatosha: anamuuzia mchuuzi wa mtumbwi, na asubuhi kahawa iko Rwanda, ng'ambo ya Ziwa Kivu. Anayetaka kujua namna ya kuongoza watu walio huru kuondoka angeacha zile semina za hotelini Bukavu, ashuke akaangalie kituo cha kuosha kahawa wakati wa mavuno.

Ifahamike kwamba njia hiyo ya mtumbwi ilikula watu. Miaka ya vita wakulima walivuka usiku na mizigo, wengine hawakurudi, na vijiji vya pembeni ya ziwa vikabaki na wajane. Mwaka 2003, upande wa Minova, ikazaliwa kooperative ya SOPACDI. Mwaka 2011 ikapata cheti cha Fairtrade, ya kwanza kwa kahawa ya Congo. Nyingine zikafuata, Kalehe hiyohiyo na kisiwani Idjwi. Kuna zinazoishi, na kuna zilizobaki na mhuri na kibao njiani.

Kazi yenyewe haina huruma. Kahawa iliyovunwa asubuhi inapaswa kumenywa siku hiyohiyo, la sivyo inachacha vibaya na kunuka. Inahitajika kilo tano au sita za matunda mabichi ili kupata kilo moja iliyokauka na ganda lake. Kutoka kwenye mashine inaingia kwenye mabwawa, inaoshwa, kisha inatandazwa kwenye meza za waya, na akina mama wanakaa wiki mbili au tatu wakiichambua punje kwa punje. Mtu mmoja akileta matunda ya kijani, anaharibu ya jirani zake wote, maana vyote vinaingia bwawa moja.

Kwenye kituo kimoja cha huko, kamati inaongozwa na mama aliyeanza kama mchambuzi wa mezani. Msimu wake wa kwanza wanachama walikuwa wananong'ona kwamba mpimaji anawaibia. Wengi walitegemea amfukuze. Yeye alitoa mizani nje ya depo, akaigeuza uso wake uwatazame wakulima, akaweka mzigo wake mwenyewe wa kwanza.

"Papa, sikufukuzi," alimwambia mpimaji. "Soma kwa sauti, watu wote wasikie, ndipo sekretari aandike."

Ndani ya siku moja jambo likajulikana. Mpimaji hakuwa na ujanja mkubwa: alizoea kuacha vipande vya kilo. Kilo 12 na nusu ziliandikwa 12. Kwa mtu mmoja ni kidogo, kwa mama anayeteremka mlima kila siku ya mavuno na ndoo kichwani ni nguo za shule za mtoto. Tangu siku hiyo nusu inaandikwa, na mpimaji yuleyule bado yuko kazini, sasa watu wanamtania.

Kisha shemeji yake akaleta gunia lililochanganyika na kijani. Alilirudisha mbele ya wote, akachambue upya. Nyumbani hawakusemeshana muda mrefu, lakini kituoni hakuna tena aliyebishana kuhusu kijani.

Jambo la tatu lilileta kelele zaidi: kadi za wanachama ziliandikwa jina la mume peke yake, hata pale mke ndiye anayepalilia na kubeba. Mama huyo alidai majina mawili. Wanaume walipiga kelele mikutano miwili. Sheria ya OHADA kuhusu kooperative, inayofuatwa pia Congo, inasema mwanachama mmoja kura moja, haijalishi ana miti mingapi. Lakini kura hiyo inamfaidi nini asiyeandikwa? (Na ukiona prezidenti anatembea na funguo zote za depo mfukoni mwake, ujue pale kuna boutique ya mtu, hakuna kooperative.)

Mtihani mkubwa ulikuja mwanzoni mwa 2025. Mwezi wa kwanza M23 waliingia Minova, kisha Goma, na mwezi wa pili Bukavu. Benki zikafungwa, pesa ya kahawa iliyokwisha kuuzwa ikakwama. Viongozi wengi wakati kama huo huzima simu. Huyu aliita watu, akafungua kitabu cha kesi, akasoma kilichobaki na kilichokwama, akasema hajui tarehe ya malipo. Wengine walikasirika, wakarudi kwa wachuuzi wa mtumbwi, na nani angewalaumu, watoto wanakula leo. Kamati ilitaka wafutwe. Alikataa, akasema majina yao yabaki kwenye kitabu, kwa sababu waliondoka kwa njaa.

Mavuno yalipoanza baadhi yao walirudi, kimyakimya, wakasimama kwenye foleni kama wengine. Malipo ya pili ya msimu uliopita bado hayajakamilika. Orodha ya kilo za kila mwanachama imebandikwa ukutani pembeni ya mizani, nusu kilo zikiwemo, na kila anayeshusha mzigo anapita kwanza kusoma mstari wake.