Ekzosi ya Marehemu Baba na Usingizi wa Jirani

Jirani yangu ni muuguzi. Mara nyingi hupangiwa zamu ya usiku. Hurejea nyumbani asubuhi, wakati sisi wengine tunatafuta funguo na mikoba, kisha hulala mchana nyuma ya dirisha lililofunikwa kwa khanga mbili. Tumeishi ukuta kwa ukuta pale Kihonda, Morogoro, kwa miaka sita, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kuniletea lalamiko. Kwa hiyo alipobisha hodi Jumapili moja jioni na kuanza kwa maneno "samahani, shemeji", nilijua kabla hajamaliza kwamba kilichomleta ni pikipiki.

"Simkatazi mtu chombo chake," alisema. "Ila usingizi hunishika mnamo saa nne, na saa nne ndipo wewe unapotoka. Juzi nimeingia kazini sijalala. Mkono ulinitetemeka nikimtafutia mtoto mshipa wa dripu." Mke wangu akamkaribisha chai, akashukuru, akaaga.

Pikipiki yenyewe ni Honda CG125 ya miaka ya tisini, urithi wa marehemu baba. Alikuwa bwana shamba wilayani Kilosa, na alipostaafu aliinunua mnadani kwa bei ya chakavu, akaitunza kama ng'ombe wa maziwa. Modeli hii ilianza kuuzwa mwaka 1976, na historia yake ingefaa kusomwa na kila anayepanga miradi ya maendeleo. Wahandisi wa Honda walikwenda kuona jinsi pikipiki zao zilivyotumika katika nchi zetu za kusini, wakakuta injini zikifa kwa sababu oili haibadilishwi kwa wakati. Hawakuandaa semina ya kutuelimisha. Walirudi mezani, wakaachana na kamshafti ya juu ya silinda, wakatumia muundo wa kale wa fimbo za kusukuma vali, unaovumilia uzembe na umaskini. Baadaye viwanda vya China viliinakili injini hiyo kwa wingi, na sehemu kubwa ya bodaboda unazoziona leo zina damu yake. Kwa maana hiyo, chombo cha baba ni babu wa pikipiki nyingi zinazopanga foleni pale Msamvu.

Injini ilivumilia, lakini ekzosi haikuvumilia. Wengi hudhani ekzosi huliwa na matope na mvua. Kwa kiasi fulani ni kweli, lakini adui mkubwa hutoka ndani. Petroli ikiungua huzaa maji, karibu lita moja ya maji kwa kila lita ya petroli. Kwenye safari ndefu bomba hupata moto na mvuke hutoka wote. Kwenye safari fupi kama zangu, za nyumbani hadi kazini na dukani, mvuke hupoa ndani ya silensa, hugeuka matone, hukaa chini na kula bati usiku kucha. Baba alikuwa akienda vijiji vya mbali, na ekzosi yake ikadumu. Mimi, msomi wa safari za kilomita nne, niliiozesha kwa miaka mitatu. Kwanza ilitokea tundu la ukubwa wa punje ya mtama. Kisha siku moja, nikipanda kilima, kitu kikaanguka ndani na mlio ukabadilika kabisa.

Sasa niseme jambo ambalo sikumwambia muuguzi. Kati ya siku ile na siku aliyobisha hodi zilipita siku 19. Kwa watu nilisema nimebanwa na kusahihisha mitihani. Ukweli ni kwamba nilikuwa naufurahia ule mlio. Pale kwenye mzunguko wa Msamvu, ambako kwa miaka yote nilikuwa nasukumwa pembeni na mabasi, ghafla watu walianza kugeuka. Watembea kwa miguu walirudi hatua nyuma. Mwanafunzi mmoja aliniambia, kwa adabu yote, "Dokta, siku hizi tunakusikia kabla hujafika." Nilicheka, na moyoni nilivimba kichwa. Mimi mwenye shahada ya uzamivu, niliyewahi kusimama mbele ya darasa nikieleza kwamba mamlaka halali hayahitaji kutisha, nilikuwa nafurahia kuogopwa na mama muuza vitumbua.

Ndiyo maana sikuweza kuwahukumu vijana wa kijiweni nilipokwenda kuwauliza wapi nitapata ekzosi ya bei nafuu. Wengi wao huzitoboa zao kwa makusudi. Nilipomuuliza mmoja sababu, alinijibu bila kusita: "Shikamoo Dokta. Wenye magari hawatuoni. Basi watusikie." Nilijaribu kumweleza kwamba mdomo wa ekzosi unatazama nyuma, kwamba sauti kubwa humfikia zaidi aliyekwisha kupitwa, na kwamba dereva aliye mbele, vioo vikiwa juu, huisikia akiwa amechelewa. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza, "Na makala zako, Dokta, si kelele hizo? Unamwandikia nani, aliye mbele au aliye nyuma?" Wenzake walicheka mpaka mmoja akaangusha kofia yake. Sijapata jibu la swali hilo.

Yapo mambo mawili ambayo lazima tuyaseme pamoja, kwa sababu tukisema moja tu tunadanganya. La kwanza, kelele ni uchafuzi, na sheria yetu inatambua hivyo. Tunayo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, na kanuni za viwango vya kelele na mitetemo za mwaka 2015. La pili, utekelezaji wake una macho ya kuchagua. Msafara wa mkubwa ukipita barabara kuu ya Dodoma, ving'ora vyake huitwa itifaki. Kijana akipita na ekzosi iliyotobolewa, huitwa mhuni. Na kati ya hao wawili yumo mtu ambaye hakuna anayemhesabu, yule anayejaribu kulala saa nne asubuhi ili usiku mkono wake usitetemeke. Hana king'ora, hana kijiwe, na kama si ujirani asingekuwa hata na mlango wa kubisha.

Kuna aside moja ya kihistoria ambayo siwezi kuiacha, maana kazi yangu ni kufundisha. Hiram Percy Maxim, Mmarekani aliyepata hataza ya kizima sauti cha bunduki mwaka 1909, na ambaye kampuni yake iliendelea kutengeneza silensa za injini, alikuwa mtoto wa Hiram Stevens Maxim, aliyebuni bunduki ya mtombo iliyobeba jina lao. Ni bunduki ya aina hiyo ambayo Wajerumani waliwaelekezea babu zetu katika Vita vya Maji Maji, 1905 hadi 1907. Yule baba alizeeka akiwa kiziwi kwa sababu ya milio ya silaha zake mwenyewe. Mwana akajipatia riziki kwa kunyamazisha.

Turudi dukani. Fundi wangu alinipa njia tatu. Ya kwanza ilikuwa kuchomelea viraka, lakini bati lilikwisha kuwa jembamba kama karatasi, na kila alipogusa kwa moto tundu lilipanuka. Ya pili ilikuwa bomba fupi lililo wazi, lile la "mashindano". Aliniahidi kwamba litaongeza nguvu. Hapa naomba wanafunzi wangu wanisikilize. Sauti kubwa si nguvu kubwa. Injini ndogo kama hii ilitengenezwa pamoja na ekzosi yake, na kabureta ikapangwa kwa kuzingatia mkinzano wa bomba lile. Ukilifungua bila kubadilisha jeti ya kabureta, mchanganyiko unaweza kuwa na hewa nyingi na mafuta machache, na injini ikachemka kupita kiasi. Fungua plagi utazame: rangi ya biskuti ni afya, weupe wa chokaa ni onyo.

Njia ya tatu ilikuwa kutafuta ekzosi nyingine, na kwa hiyo nikaenda Kariakoo. Nilipanda treni ya umeme nikiwa na ekzosi kuukuu ndani ya gunia. Mlinzi aliniomba nilifungue, akatazama, akanitazama, akanihurumia. Nilikaa katika behewa lile la utulivu kwa karibu saa mbili, miguu yangu ikiwa juu ya kitu chenye kelele kuliko vyote nilivyowahi kumiliki.

Ekzosi halisi ya Honda iliyotumika niliipata katika duka la tatu, ikiwa na herufi HM zilizogongwa kwenye chuma. Bei ilikuwa shilingi 90,000 na krome iling'aa. Niliazima spoki ndefu nikaiingiza kwa nyuma, kama fundi alivyonielekeza. Ikapita moja kwa moja, bila kugusa kitu. Mtu alikwisha kutoa vyumba vya ndani, vile ambavyo moshi hupita kwa kugeuka na kugeuka hadi mawimbi ya sauti yanapoishiwa nguvu. Jina lilikuwa la Honda, kazi ilikuwa ya debe. Zipo silensa za aina nyingine, zenye bomba lililotobolewa vitundu na kuzungushiwa sufu ya kioo, ambamo spoki hupita na bado zinanyamazisha. Hii haikuwa mojawapo.

Za Kichina nilionyeshwa mbili, zilizofanana kama mapacha. Moja iliuzwa shilingi 35,000 na nyingine 55,000. Muuzaji hakuweza kunieleza tofauti. Mikono yangu iliweza: moja ilikuwa nyepesi na ikilia kama kopo ukiigonga, nyingine ilikuwa nzito, ikigongwa hutoa mlio mfupi uliokufa, na spoki iligota ndani yake baada ya shubiri moja. Chini kabisa ilikuwa na kitundu kidogo cha kutolea maji. Nilinunua hiyo nzito. Nikikumbuka kwamba kila desibeli 10 zinazoongezeka huzidisha nguvu ya sauti mara 10, ingawa sikio huhisi kama maradufu tu, naona shilingi 20,000 za ziada hazikuwa anasa.

Lakini niliweza kuzitoa. Kijana wa kijiweni, anayepeleka hesabu kwa tajiri kila jioni, atanunua ile nyepesi, na baada ya miezi michache tutamwita mchafuzi. Mwaka 2022 serikali iligawa maelfu ya pikipiki kwa maafisa ugani, na lilikuwa jambo jema; baba angelifurahia. Swali langu kwa ndugu zangu mnaoandaa bajeti ni dogo: je, ipo mistari ya vipuri kwa mwaka wa sita na wa saba, au tunasubiri mnada?

Kufunga kulichukua Jumamosi nzima. Nati mbili kwenye silinda hedi zilikuwa zimeshikana kwa kutu. Fundi alizilowesha oili tangu usiku, akawasha injini ipate joto, akazifungua robo kwa robo, akirudisha kidogo kila mara, kwa hofu ya kukata bolti ndani ya aluminiamu. Aliweka ringi mpya ya shaba. Kishikio cha nyuma kilipishana na tundu la fremu kwa sentimita mbili, akachomelea kipande cha chuma. Alipopiga kiki, nilisikia mnyororo, nikasikia vali, nikasikia na kuku wa jirani. Kwa kitambo nilidhani imezimika.

Jumatatu niliisukuma hadi barabarani kabla ya kuiwasha, na nimeendelea kufanya hivyo. Muuguzi hajasema kitu. Kule kijiweni wananiuliza kama niliuza pikipiki.

Ile ya zamani fundi aliiomba. Anataka kuipasua kwa msumeno aone Wajapani walipanga nini ndani, ajaribu kuunda vyumba kama hivyo kwa bati la pipa na kuviuza kwa bei ambayo vijana wanaimudu. Nimemwachia. Tumekubaliana nipite Jumamosi mchana, atakapokuwa amepata diski ya kukatia.