Mrija Uliokataa Kufungika

Daktari alimsikiliza mpwa wangu wa miezi minane kifuani, akanyamaza. Kulikuwa na mvumo usiokatika, mithili ya mtambo wa kusagia unga. Picha ya mawimbi ya sauti ikathibitisha: patenti daktasi ateriosasi. Dada akanigeukia. "Kaka, wewe ndiwe msomi wa Kiswahili. Mwanangu ana nini?"

"Tundu la moyo" lingekuwa jawabu rahisi, ila si la kweli. Neno "mshipa" nalo nililichelea, maana kwetu huleta fikra za ngiri. Nikasema mrija: tumboni mtoto hapumui kwa mapafu, basi mrija mfupi huichepusha damu isipite huko. Azaliwapo, hujifunga kwa siku chache. Wake haukujifunga, damu yafurika mapafuni, moyo wataabika.

"Ni yale magunia niliyobeba nikiwa mjamzito?"

La hasha. Jawabu hilo nililirudia mara tatu.

Dawa za kuufunga huwafaa waliozaliwa kabla ya wakati. Yeye alitimiza miezi. Kilichobaki ni kizibo kipitishwacho pajani, ndani ya mshipa wa damu, au upasuaji, ambao Robert Gross aliufanikisha kwanza mjini Boston mwaka 1938. Dada hakujali historia. Aliuliza ukubwa wa kizibo. Daktari akamwonyesha ncha ya kidole chake cha mwisho. Dada akaomba kalamu.