Ndege Tulizozifungia Mkanda

Sisi Watanzania tuliokuwa vijana mwaka 1978 hatuwezi kuzungumzia ndege za kivita kama watu wanaozungumzia magari. Jeshi la Idi Amin wa Uganda lilipoingia Kagera mwishoni mwa Oktoba, jeshi letu la anga lilikuwa bado changa. Wajerumani wa Magharibi walioanza kuwafundisha marubani wetu walikuwa wameondoka kwa ugomvi wa kidiplomasia uliohusu Zanzibar na Ujerumani Mashariki. Wakaja Wakanada na ndege za mizigo, Otter na Caribou. Jeti zilikuja na Wachina, walewale waliotujengea kiwanda cha nguo cha Urafiki hapa jirani na Mabibo mwaka 1968. MiG-21 tukazipata kwa Warusi.

Siku hizi vijana wa bodaboda pale soko la Mahakama ya Ndizi huniambia, "Mzee, Waganda wana Sukhoi, sisi tuna makopo." Ni kweli, mwaka 2011 Uganda ilinunua Sukhoi-30 sita kwa dola zipatazo milioni 740. Ni kweli pia kwamba F-7 zetu za Kichina zina asili ya MiG-21, ndege iliyobuniwa miaka ya 1950. Lakini wanangu, hiyo dharau siikubali.

Tarehe 29 Machi 1979 Libya ilimsaidia Amin kwa kutuma Mwanza ndege ya mabomu aina ya Tu-22, dude kubwa lenye mbio kuliko sauti. Mabomu yakaangukia Kisiwa cha Saanane, yakaua swala wa hifadhi. Siku chache baadaye MiG zetu ndogo zikavuka ziwa na kupiga ndani ya Uganda.

Baada ya vita Mwalimu Nyerere alituomba tufunge mkanda miezi 18. Tuliufunga miaka. Tulipanga foleni ya sukari, ya sabuni, ya unga wa njano tuliouita Yanga, na wake zetu walirudi na kapu tupu bila kuilaani nchi. Kila lita ya mafuta ya ndege ilikuwa imetoka kwenye zile foleni. Ndiyo maana ninaposikia bei ya ndege mpya, nauliza kwanza bei ya kuirusha. Injini ya MiG-21 hutakiwa kufumuliwa baada ya saa mia chache tu za kuruka. Nchi isiyo na karakana, vipuri na mafundi hubaki na ndege ya kupita juu ya uwanja siku ya gwaride, na rubani anayesahau kazi yake akiwa chini.

Jirani zetu Wakenya nawasifu kwa hili. Walichukua F-5 mwaka 1978, ndege ya Kimarekani iliyoundwa kwa ajili ya nchi zenye mfuko mdogo. Wakaongeza zilizotumika kutoka Jordan, wakaendelea na aina ileile, na mwaka 2011 zikaenda vitani Somalia. Fundi aliyefunzwa na fundi aliyefunzwa na fundi: huo ndio utajiri wao.

Nasi tuna K-8, jeti ndogo ya mafunzo inayoweza kubeba silaha. Fedha ikipatikana, mimi ningeanzia hapo, niongeze za aina hiyo, nijaze matangi yake, nichukue vijana wa vyuo vya ufundi vya VETA wenye mikono mizuri niwapeleke kambi ya ndege ya Ngerengere. Mkibishana tena kijiweni, anzeni na rubani wetu: mwezi huu ameruka saa ngapi?