Vespa ya Marehemu Baba: Majlisini au Barabarani?

Katika mirathi ya marehemu Baba, kitu kimoja hakikugawika: Vespa Super ya cc 150, aliyoinunua alipohamia Maskati katika miaka iliyofuata 1970. Unguja alikozaliwa, vespa ilikuwa chombo cha ujana wake. Huku ugenini ilikuwa namna yake ya kutembea kama mtu wa kwao.

Kaka yangu mkubwa anataka imwagwe petroli, ing'arishwe, kisha iwekwe katika majlisi yake karibu na kasha la Bibi. Hoja yake si nyepesi. Asema vyombo vikongwe vya Kiitaliano haviaminiki, na watoto wetu hawakuzoea kubadili gia kwa kuzungusha mpini wa mkono wa kushoto. Anachelea urithi kupotelea barabarani. Mimi nachelea utapotelea majlisini.

Corradino D'Ascanio, aliyeibuni vespa kwa kampuni ya Piaggio mwaka 1946, alikuwa mhandisi wa ndege. Hakuweka mnyororo: injini imekaa ubavuni mwa gurudumu la nyuma na kulizungusha kwa gia. Hakuweka fremu ya mabomba: bodi ya bati la chuma ndiyo inayobeba kila kitu. Visivyokuwepo haviharibiki, na hiyo ndiyo siri ya uimara wake. Lakini bati hilo hilo, katika hewa ya chumvi ya Maskati au ya Unguja, huliwa na kutu kuanzia sakafuni, mahali ambapo king'arisho hakifiki.

Injini nayo haipendi kulala. Petroli iliyosalia katika kabureta hukauka na kuacha utando unaoziba vitundu vyake. Sili za mpira zinazofunga chumba cha mtaimbo hukakamaa. Siku itakapowashwa, injini itanyonya hewa isiyotakiwa, mchanganyiko utapungukiwa na petroli, na pistoni itapata moto hata ikwame. Hapo watu watasema vespa imewasaliti, ilhali wao ndio walioitelekeza.

Baba hakuwa fundi. Alikuwa na mazoea. Vespa za mwanzo zilihitaji oili asilimia 5 ndani ya petroli. Hii yake yataka asilimia 2, yaani mililita 20 kwa kila lita. Alikuwa na finjani yake ya kahawa yenye alama: hadi hapo, kwa lita tatu. Kila baada ya muda alifungua plagi na kuitazama. Rangi ya kahawia ilimridhisha. Masizi meusi yalimwambia kuwa petroli au oili imezidi. Weupe ulimwonya kuwa injini inaungua. Kitunze kidumu, alikuwa akisema, nasi tukidhani anazungumzia chombo tu.

Tumeafikiana na Kaka kwa mwaka mmoja. Binti yake, ambaye hakumdiriki babu yake akiwa na nguvu, ndiye anayejifunza. Sasa anajua kupima oili kwa finjani ile, kubadilisha waya wa klachi na kusoma rangi ya plagi. Mwaka ukitimia na vespa ingali inakwenda, itabaki nje. Ikishindwa, nitaisukuma mwenyewe hadi majlisini.

Nanyi ambao vyombo vya wazee wenu vimelala chini ya maturubali, zitazameni sili zake kabla hamjaviwasha.